Samaki Waliolishwa Funza

Athmani, miguu unayo au umeiuza? Kutoka Changamwe hadi Mtongwe ni basi na feri tu, na feri haijazama. Mikorosho imechanua, imezaa, imechanua tena, na wewe hujatia guu katika ua huu. Watu wakiniuliza, "Bi Mwanakombo, mjukuu yuko wapi?" nawaambia ana kazi nyingi. Kazi gani? Sijui. Nasema tu. Nimekuwa mwongo uzeeni kwa ajili yako, na ulimi wenyewe ni huu huu uliokufukuza, basi acha uhangaike.

Mjomba wako Bakari ndiye aliyeniletea habari jana, kwamba kesho jioni wapanda gari la moshi kwenda bara, penye mabwawa makubwa ya serikali, kujifunza kufuga samaki. Yeye ndiye aliyeniletea, si wewe. Tangu jana niko kama mtu aliyekwamwa na mwiba kooni. Nimemeza tonge la wali kavu, nimemeza la pili, haushuki.

Kusoma mimi sijui, wajua. Nimemkalisha Ouma mpangaji wetu mkekani baada ya alasiri, nikamwambia andika kama nisemavyo, usinipambe. Kesho akishuka zamu yake gatini atapita kwa mjomba wako akupe mkononi. Ameniuliza, "Mama, na matusi pia niandike?" Nimemwambia andika, mwenyewe atajua ni nyanya yake.

Sitakwambia uvae sweta. Sitakwambia usali, ulale mapema, usikopeshe watu nguo zako. Hayo utaambiwa na kila mtu pale stesheni mpaka uchoke. Mimi nataka kusema nawe juu ya samaki, kwa sababu juu ya samaki ndipo tulipoachana, na ndiko uendako.

Lile shimo lako, Athmani, halikuanza kuwa bwawa. Lilianza kuwa ukuta. Mimi na babu yako tulichimba udongo pale tukakandika nyumba hii tunayoishi, naye akiwa kijana, akinirushia udongo mgongoni nami nikimtukana. Nyumba ikasimama, shimo likabaki. Mvua ikilijaza, maji hayatoki, maana ule ni udongo wa mfinyanzi. Nililichukia. Mbu, vyura, na hofu ya mtoto kutumbukia. Mtoto mwenyewe ulikuwa wewe. Mamako Mwanaisha alikuzaa akakuona, akakushika kidole, akaenda zake kwa Mola kabla ya maji ya kukuosha hayajapoa. Nikakuchukua. Nikawa nakuchunga na shimo lile kama mwenye kuku achungavyo mwewe.

Kisha akaja Bwana Samaki na ndoo yake. Mzungu mwekundu, shati limelowa, anasema Kiswahili cha kuamrisha: "Mama, shimo hii nzuri! Weka samaki!" Akakumiminia vile visamaki vya maji matamu, akaviita perege, na wewe ukapiga magoti ukaviangalia tangu adhuhuri hata magharibi. Nilikuita kula hukuitika. Nikasema moyoni, huyu ameolewa na samaki.

Nilicheka wakati ule. Ningalijua ningaliogopa. Mtu akipenda kitu namna ile, huwa amempa kila apitaye fimbo ya kumpigia.

Wakumbuka jinsi walivyodumaa? Tuliwapa pumba, tukawapa chicha ya nazi, tukawapa majani ya muhogo yaliyopondwa. Wakala, wakabaki vile vile, vichwa vikubwa na miili kama vidole. Bwana Samaki alipokuja tena akasema dawa ni dagaa: nunua dagaa, kausha, twanga, changanya na pumba. Nilimwuliza, "Dagaa hawa wa baharini?" Akasema ndiyo. Nikamwambia, "Bwana, dagaa ndiyo kitoweo cha kila mwenye nyumba hapa asiyeweza kununua samaki changu. Wataka niwatoe chunguni mwa jirani, niwape samaki, ili samaki wakikua nimuuzie yule yule jirani kwa bei asiyoiweza?" Akacheka, akasema, "Mama, wewe mgumu." Akapanda gari lake.

Neno lile ndilo neno langu moja la maana maishani, Athmani, na nililisema kwa hasira tu, wala si kwa akili. Akili ilikuwa yako. Ulikuwa umeketi kwenye kinu, umenyamaza, kisha ukasema, "Nyanya, kuku mbona tunawalisha mchwa?"

Basi tukaanza. Vile vyungu vyangu vilivyopasuka midomo, tukavijaza kinyesi kikavu cha ng'ombe na mabua ya mahindi, tukanyunyizia maji, tukavifudikiza kwenye njia za mchwa kule shambani. Asubuhi tukivifunua, vinachemka. Mchwa weupe, wanono, wamejaa kama wali uliomwagika. Mara ya kwanza ulinimwagia mkononi ukasema, "Sikia, Nyanya, wananong'ona." Nilikupiga kikumbo. Lakini nilisikia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa pale pale. Wewe ulitaka tuhamishe vyungu, leo hapa, kesho kule, tuwape mchwa nafasi ya kuzaana. Mimi nikaona uvivu. Nikachukua jembe nikavunja kichuguu kizima kile cha nyuma ya mikorosho, nikatoa gunia, nikajiona mjanja. Tukala gunia lile, yaani samaki wakala, na kichuguu kikafa. Mwaka mzima hapakutoka hata mmoja pale. Ulikuja ukasimama juu ya yale madongo, ukaniuliza kwa upole, "Malkia wao ulimwona?" Nilimwona. Nilimpa jogoo. Sikukwambia, lakini nadhani ulijua, maana jogoo yule hukumpenda tena.

Na lile la pili, la debe. Ulinifundisha tuwakaange kidogo tu, mpaka waache kushikana, kisha tuwaanike juani, tupepete kwa ungo tuondoe mbawa na taka, ndipo tutwange. Unga wake ulikuwa kama wa karanga, mafuta mafuta, na harufu yake haikuwa mbaya. Mvua ilipotisha nikaona haraka, nikautia debeni ungali na unyevu, nikafunika. Ukaota koga. Nikauchanganya na pumba hivyo hivyo, nikisema samaki ana habari gani na koga? Walielea asubuhi, wachache, na wewe ukawatoa kwa mikono bila kunitazama. Hukunisema. Hilo ndilo lililonitisha kwako siku zote, mwanangu: hunisemi. Ungalikuwa mtoto wa kupayuka tungaligombana tukaisha.

Lakini walikua! Haki ya Mungu walikua. Tuliwapikia uji wa muhogo ukashika, tukatia pumba na ule unga wa mchwa, tukafinyanga matonge, na kila tonge likigusa maji shimo lote linageuka jungu linalotokota. Mgongo wa perege ukawa mpana kama kiganja cha mwanamume. Ouma akipita na kanzu yake ya kazi iliyojaa vumbi la saruji anasema, "Mama, kwetu kumbikumbi tunakula wenyewe. Nyinyi mnampa samaki kwanza, halafu mnamla samaki. Mnazunguka safari ndefu bure." Wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. Bado ninakiona kicheko kile kilipokuwa, pale karibu na kisima.

Kisha kiangazi kikaja, ardhi ikakauka, mchwa wakazama chini wasionekane. Hapo ndipo ulipoleta habari ya funza.

Wewe ulifikiri, lakini kikapu nilikisuka mimi. Nataka Ouma aandike hivyo, na amekwisha kuandika. Nilikisuka kwa miyaa, macho mapana chini, ndugu yake kikapu cha kuchujia tui. Wewe ulikwenda pwani kwa wavuvi ukaomba matumbo ya samaki waliyokuwa wakiwatupia kunguru, ukayatia, tukakining'iniza juu ya maji kwenye mti uliolala. Mainzi ya kijani yakaja. Baada ya siku chache funza wakaanza kudondoka wenyewe, tup, tup, na samaki wamekusanyika chini wameachama kama watoto wanaongoja halua. Hakuna aliyetoa kitu kinywani mwa mtu. Matumbo yaliyokuwa yakinuka pwani yakawa nyama. Nilisimama nikasema, Mola wangu, hata inzi umemwekea kazi.

Nilisema hivyo. Sikusema mbele za watu, ndio msiba.

Siku ya hitima ya babu yako waikumbuka kuliko mimi. Nilitaka watu wale kilichotoka katika shimo alilolichimba yeye. Wali wa nazi, na perege wa kupaka, kila sinia na samaki wake. Nyumba tumeipaka chokaa, gunia moja likabaki ukumbini. Watu wakala, Athmani. Wakala wakasifu. Na yule Bi Rehema, ambaye hajapata kusifu kitu tangu azaliwe, akanyonya kidole akasema, "Samaki hawa wanono hivi, mwawalisha nini?"

Na wewe ulikuwa umeshika birika la kunawia watu. Ukasimama wima, kifua mbele, ukasema, "Funza, bibi. Kiangazi hiki ni funza. Mvua ikinyesha tunawapa mchwa."

Nilimwona mtu tonge liko njiani, halijui liende au lirudi. Bi Rehema akatema kiganjani, akasema, "Audhubillahi! Katika hitima? Mwanakombo, umetulisha funza katika kisomo cha marehemu?"

Nami nikasema, "Mwongo huyu! Walishwa pumba tu. Kazi yake kuchekesha watu."

Ukanigeukia. Hukuwa na hasira. Ulidhani nimesahau, ndivyo uso wako ulivyokuwa, ulidhani nyanya kasahau, akumbushwe. Ukasema taratibu, "Nyanya, si kikapu ulikisuka wewe?"

Na hapo nikasema lile neno. Nikuandikie tena? Nitaliandika, maana nimeona nikilizunguka utadhani nimelisahau au nimelipunguza. Nilisema, "Ningalijua u hivi, ningalikuacha ufuatane na mamako."

Ouma amesimamisha kalamu. Namwambia aendelee.

Uliweka birika chini. Hukulitupa. Uliliweka polepole, mdomo wake ukiangalia ukuta, kama nilivyokufunza, maji yasimwagikie mtu. Ukatoka kwa mlango wa nyuma.

Wasema maji yakimwagika hayazoleki. Hayo maji angalau hukauka. Neno lile liko ukumbini mpaka leo, nikifagia nafagia pembezoni mwake.

Na ningaliishia pale! Wageni walipokwisha kuondoka, wamekunja nyuso, wengine wakijitia vidole kooni uani kwangu, nikachukua lile gunia la chokaa. Sikuwa na akili. Nilitaka shimo liwe jeupe, liwe safi, watu waone. Nililimwaga lote. Maji yalichemka, Athmani. Samaki walipanda juu wakiruka kama wanaokimbia chini kunakowaka moto, kisha wakalala ubavu, mmoja mmoja, jicho likiangalia juu. Nilisimama mpaka wa mwisho. Sikuweza kuondoka wala sikuweza kumwokoa hata mmoja, na nilikuwa nimeshika gunia tupu.

Ulirudi asubuhi. Sijui ulilala wapi, na sijakuuliza, na sasa naogopa kuuliza. Ukaona. Ukachukua kikapu kile kile, ukakata kamba, ukamwaga kilichokuwamo, ukakiosha kisimani. Ukaingia ndani ya maji yale ya chokaa mpaka kiunoni. Nilipiga kelele, "Toka, yatakuunguza!" Ukawatoa wote. Ukachimba chini ya mikorosho, pale pale nilipokiua kichuguu, ukawazika kama watu. Ngozi ya miguu yako ilikuwa imetoka malengelenge. Nilikuletea mafuta ya nazi katika kisahani. Ukayapokea kwa mikono miwili, ukasema, "Ahsante, Nyanya." Ukajipaka. Ukafunga nguo zako katika kanga ya mamako, ukavuka.

Kisahani kile nimekiweka. Sikukiosha mpaka mafuta yalipoganda, nikaona ujinga, nikakiosha.

Sasa nikwambie yasiyokufikia.

Nilikaa ndani siku nyingi. Kisimani nilikwenda kumekucha kabla ya watu. Siku moja Maalim wa msikitini akaja kunijulia hali, nikamwaga yote mbele yake kama nilivyoyamwaga haya. Nikamwuliza, "Maalim, niliwalisha watu haramu?" Yule mzee akaguna. Akaona jogoo wangu nimemfunika tenga pale uani. Akaniuliza, "Yule kwa nini umemfungia?" Nikasema, "Ijumaa nitamchinja, Maalim. Kazurura jaani, kala kila uchafu. Nimemfungia siku tatu anakula mahindi na maji safi, asafike." Maalim akasema, "Na samaki wako hukuwafungia kwa nini?"

Athmani, mimi nimemfunika kuku tenga tangu sijavaa buibui. Mamangu alifunika, na mamake. Hakuna mwanamke Mtongwe asiyejua kwamba mnyama aliyekula uchafu humkimbii wala humlaani: humfungia, humlisha kisafi, kisha ni chakula kama chakula kingine. Bi Rehema mwenyewe ana matenga mawili! Ningaliwatoa samaki wale wa hitima, nikawatia katika karo la maji safi, nikawapa pumba siku tatu, na alipouliza Rehema ningalisimama nikasema, "Walikula funza, kisha niliwafungia, kama wewe ufungavyo kuku wako. Kula." Naye angalikula, maana mlafi yule.

Nilikuwa na jibu uani kwangu, linawika kila alfajiri, na nikakutupa wewe badala yake.

Maalim alipokwenda nililia. Sikulia hitimani wala siku uliyovuka. Nililia kwa tenga la kuku. Ouma ni shahidi, alitoka chumbani akidhani nyumba inaungua.

Jambo la pili. Lile pipa lako lililokatwa, chini ya migomba, lenye maji ya kijani. Mimi nilidhani ni la kumwagilia tu. Nilikwenda na kata siku moja nichote, maji yakanikimbia. Vitoto vya perege, Athmani! Ulivitenga, hukuniambia, au uliniambia sikukusikiliza. Vimekonda, vimekula ukoga na mbu peke yake, lakini vi hai. Niliketi matopeni na nguo yangu. Nikaviambia maneno ambayo ningalikwambia wewe.

Basi shimo nimelizoa. Ouma na wenzake walinisaidia siku yao ya mapumziko, tukatoa ule udongo mweupe wote, mvua mbili zikaliosha, tukalijaza. Vyungu navihamisha. Leo hapa, kesho kule, kama ulivyosema, na vichuguu havijafa. Unga naukausha mpaka ukiushika wapeperuka. Na kikapu nimesuka kingine, mkubwa wake kile cha kwanza, nimekining'iniza upande wa njia, kila apitaye akione. Bi Rehema hupita amejifunika pua. Namwamkia kwa sauti kubwa.

Samaki wapo. Wengi, wanono. Hakuna aliyewala. Ouma ameniomba mara nyingi, na kila mara namwambia mwenyewe hajaja. Amekasirika. Naona hapa ameandika kwa kukandamiza kalamu.

La tatu nililikusudia kuliacha. Nilikuja Changamwe. Mvua za vuli zilipoanza, nilivuka, nikapanda basi, nikauliza njia mpaka nikaiona nyumba ya mjomba wako. Nilikuwa na kifurushi cha unga wa mchwa kwenye kanga, sijui kwa nini, kama mtu aletaye mkate. Ulikuwa umekaa nje na vijana wenzako, mmoja anapiga meza, mnabishana habari ya bendera, huyu Mwambao ujitenge, huyu Kenya moja, na wewe ukasema neno wote wakacheka, na wewe ukacheka. Kile kicheko cha pale kisimani. Nikasema, akiniona kitazimika. Nikasimama nyuma ya kibanda cha mwuza makaa mpaka nikatosheka kukuangalia, ingawa sikutosheka, nikarudi. Ule unga niliwamwagia kuku wa watu. Kwa hiyo nikikutukana kwamba hujaja, ujue na mimi nilikuja nikashindwa na hatua chache.

Huko uendako watakufundisha mengi. Nasikia Bwana Samaki amefungasha, wazungu wanakwenda kwao, na kazi zile zitataka vijana wetu. Nafurahi. Pia nimeumia, nisikufiche, maana bara ni mbali na mimi si mchanga. Magoti yangu yalia nikichutama kufunua chungu. Watakwambia dagaa. Watakuonyesha gunia zuri la unga wa dagaa, na samaki watakua upesi nalo, nawe utaona aibu kusema habari ya inzi mbele ya watu waliovaa viatu. Mimi naijua aibu ile ilivyo. Huingia kwa ghafla, na inapoingia ulimi hutafuta mtu wa karibu wa kumkanyaga ili upande juu yake. Mimi nilikukanyaga wewe, kwa kuwa ulikuwa karibu. Siku hiyo ikikujia, usinifuate mimi. Nyamaza kwanza, kama unavyojua kunyamaza. Kisha waulize, dagaa wakipungua baharini, samaki watakula nini, na watu watakula nini?

Wakicheka, wacheke. Mamako alikuwa akichekwa kwa kuokota okota vitu. Sijapata kukusimulia. Kila siku Mwanaisha hurudi na kitu mkononi, kumbi, gamba la kaa, mbegu, na kila nikimwuliza cha nini husema, "Huenda kikafaa, Mama." Siku ulipozaliwa nilikuta mchagoni pa kitanda chake vitu vyote vile amevipanga katika kibweta. Nilivitupa baada ya matanga. Nilisema vinaniumiza. Wewe ulipokuja na lile pendekezo la matumbo ya samaki, ukasema, "Huenda yakafaa, Nyanya," nilitoka nje nikasingizia moshi.

Kwa hiyo ujue nilikudanganya hata katika lile neno. Wewe hukuachwa na mamako. Hajapata kutoka hapa, alikaa kwenye ulimi wako. Nami nilimsikia nikamwambia mwongo, mbele ya watu, katika hitima ya baba yake.

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Karatasi ni ya Ouma. Na usijibu kwa karatasi, maana atakayenisomea ni yeye huyo, naye akifika penye machozi hukohoa akaruka mistari.

Ukija likizo, usipitie mlango wa mbele. Pita nyuma. Karo liko kando ya kisima, nimelijengea kwa mawe na kulipaka saruji, halijatiwa samaki hata mmoja, lakusubiri. Chagua samaki mwenyewe, wale unaowaona wewe wanafaa, uwatie humo, uwape pumba na maji safi siku tatu. Mimi sitagusa. Kisha upike kwa nazi, utandike mkeka barazani, mchana, watu wakitoka msikitini, umwite na Bi Rehema. Wewe hutamwagia watu maji. Birika nitashika mimi. Na atakapouliza mtu samaki hawa walikula nini, usimjibu. Nyamaza, unitazame, uniachie nijibu.

Na ukinikosa, mwanangu, kama miguu yako imechelewa tena, tandika mkeka vile vile. Mwambie Ouma ajibu. Nimemwambia maneno, na haya hapa ameyaandika: "Funza, na kikapu alikisuka Mwanakombo."